Mkono wa Mganga

Lugha yetu imeupa mkono kazi nyingi kuliko kiungo kingine chochote cha mwili, ukiacha labda moyo. Mtu akifiwa tunampa mkono wa pole. Akifunga safari tunampa mkono wa buriani. Siku ya Idi watoto huzunguka nyumba hadi nyumba kupokea mkono wa Idi. Mchoyo ni mkono wa birika, na mzazi haachi kukumbushwa kwamba mkono mmoja haulei mwana. Hata salamu tunayowaamkia wakubwa wetu, shikamoo, wengi huieleza kuwa asili yake ni kushika mguu wa mtu aliyekuzidi umri. Si ajabu, basi, kwamba mtu tunayemkimbilia tuuguapo amepewa jina lililotoka mikononi. Kuganga, kabla ya kuwa kutibu, ni kufunga pamoja kitu kilichoachana: mpini uliopasuka hugangwa, mfupa uliovunjika hugangwa, na gango ni kile kipande kinachofungwa ili kushikilia vipande vingine. Mganga katika lugha alikuwa mtu wa mikono kwanza, na mtu wa dawa baadaye. Serikali yetu ilipomwita daktari wake aliye juu ya wote Mganga Mkuu, ilitumia neno la zamani lenye maana yake yote ndani.

Swali ninalotaka kulileta mbele ya walimu na wanafunzi ni hili. Katika zama zetu mganga anaweza kumjua mgonjwa pasipo kumgusa. Tone la damu kutoka kidoleni huonyesha malaria kwa muda wa kuchemsha chai. Picha huonyesha mfupa, mawimbi ya sauti huonyesha mtoto tumboni, na karatasi inayotoka katika mashine huhesabu chumvi na sukari ya mwili. Ikiwa kipimo ni sahihi, na dawa iliyofuata kipimo ni sahihi, je, mgonjwa asiyeguswa amepungukiwa na nini? Wako watakaojibu kwamba amepungukiwa na faraja tu, na kwamba faraja ni jambo zuri lakini si utabibu. Wako watakaojibu kwa hasira kwamba mashine zimeua utu. Majibu haya mawili yote yaniacha na njaa.

Nalileta swali hili kwa sababu lilibisha mlangoni kwangu. Mwaka 2012 marehemu mama yangu, aliyekuwa amepita miaka sabini, alianza kuchoka asipofanya kazi, na usiku alitaka mito mitatu ndipo apate usingizi. Nilimpeleka katika hospitali moja kubwa ambayo sina haja ya kuitaja. Tulifika alfajiri. Tulipita vyumba vitano. Katika chumba kimoja alitolewa damu, katika kingine akapigwa picha ya kifua, katika kingine moyo wake ukatazamwa kwa mawimbi ya sauti, na mtaalamu aliyefanya kazi hiyo aliutazama mshipi wa mwanga katika kioo chake tangu mwanzo hadi mwisho. Mwishowe tulifika kwa daktari. Alikuwa kijana mwenye adabu, na nje ya mlango wake benchi zilikuwa zimejaa watu hata wengine wakakaa sakafuni. Alisoma karatasi zote, akaandika, akatuambia kwa upole kuwa moyo wa mama umepanuka na nguvu zake zimepungua, akampa vidonge vya aina nne. Kila alilosema lilikuwa kweli. Kila kidonge kilikuwa ndicho.

Tulipokuwa njiani kurudi mama hakusema neno mpaka tukakaribia nyumbani. Kisha akasema, "Mwanangu, nimepimwa, lakini hakuna aliyenishika." Nikamweleza kwamba siku hizi mashine huona zaidi ya mikono. Akanisikiliza, kama wazee wasikilizavyo watoto waliosoma, akauliza: "Na yale makaratasi unajuaje kuwa ni yangu?" Vidonge alivimeza siku chache akaviacha. Nilibembeleza, nikagomba, na dada yangu akalia, hakuvirudia. Mimi ni mtumishi wa ofisi, na kwa karibu miaka thelathini nimeona jinsi jalada linavyoweza kummeza mtu. Mwananchi husimama mbele ya meza, mzima, ana jina na jasho, nasi tunamwambia kuwa hatuwezi kumwona kwa kuwa jalada lake halionekani. Hata hivyo sikumwelewa mama yangu mara moja.

Tuutazame kwanza mkono wenyewe jinsi unavyofanya kazi. Kiswahili hakikuona kuwa kugusa ni jambo moja. Tuna kugusa, na kushika, na kupapasa. Tuna kutomasa, ambako ni kubonyeza kwa ncha za vidole kama mnunuzi wa embe sokoni. Tuna kubonyeza, kukanda na kuchua. Kila neno ni swali jingine linaloulizwa mwilini. Mama anayetaka kujua kama mtoto ana homa hutumia mgongo wa kiganja, wala hakufundishwa na mtu. Mkunga anayetaka kujua kichwa cha mtoto kiko wapi huweka mikono miwili, mmoja kila upande wa tumbo, mkono mmoja ukitulia na mwingine ukitomasa, kwa maana mikono miwili ikisema kwa pamoja hakuna unaosikia. Yeye hupasha mikono yake joto kwanza, na kazi yake yote huifanya akiutazama uso wa mgonjwa, kwa kuwa uso husema "hapo" kabla ya kinywa.

Mapigo ya mshipa nayo yana adabu yake. Huhesabiwa kwa vidole viwili au vitatu chini ya kidole gumba cha mgonjwa, na mwanafunzi hukatazwa kutumia kidole gumba chake mwenyewe, kwani kidole hicho kina mpigo wenye nguvu, na atumiaye kidole gumba huweza kujihesabu nafsi yake akadhani anamhesabu mwenziwe. Katazo hili latosha kuwa somo zima la maadili, nami nalipita bila ya kulihubiri. Ibn Sina, tabibu mkubwa aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu chake cha Kanuni aliandika jinsi ya kumgundua mgonjwa wa mapenzi asiyetaka kumtaja ampendaye: shika mshipa wake, kisha taja majina, na mahali mpigo utakaposhtuka ndipo penye siri. Sisi watunzi wa mashairi tumekuwa tukiitafuta siri hiyo kwa vina na mizani, na kumbe ilikuwa kwenye kifundo cha mkono.

Nilipokuwa darasa la tatu, mwaka 1979, bwana mmoja wa afya alikuja shuleni kwetu na daftari. Tulilazwa mmoja mmoja juu ya benchi, tukaambiwa tukunje magoti na kuvuta pumzi. Alisugua viganja vyake vipate moto. Kisha akaanza kutomasa mbali, chini upande wa kulia wa tumbo, akapanda polepole akivuka kuelekea mbavu za kushoto, akingoja kila tuvutapo pumzi. Alikuwa akitafuta bandama. Bandama la mtu mwenye afya kwa kawaida hujificha nyuma ya mbavu wala halishikiki; la mtoto aliyeumwa malaria mara kwa mara huvimba likashuka likaja kuupokea mkono. Ndiyo maana huanza mbali, kwa sababu bandama kubwa sana huenda likawa limekwisha kupita mahali ambapo mkono wenye haraka ungeanzia, na likibonyezwa kwa nguvu laweza kupasuka.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba yale aliyoandika yalikuwa ni madaraja yaliyopangwa na mtaalamu Hackett mwaka 1944, tangu sifuri, yaani bandama lisiloshikika, hadi tano, yaani lile lililoshuka chini ya kitovu na kupita nusu ya njia ya kuelekea kinena. Na mwaka 1950, katika mkutano wa malaria uliofanyika Kampala, wataalamu walikubaliana kuzipima nchi kwa matumbo ya watoto: mahali ambapo watoto zaidi ya 75 katika kila 100, wenye umri wa miaka miwili hadi tisa, wana bandama lililovimba, hapo malaria imejenga nyumba ya kudumu. Ramani za malaria katika Afrika, basi, kwa sehemu kubwa zilichorwa kwa ncha za vidole, pamoja na damu iliyotazamwa kwa hadubini. Hazikuhitaji umeme wala barabara ya lami.

Lakini nisiusifu mkono kupita kiasi. Mwenzangu tuliyekaa naye dawati moja aliandikiwa nne. Alimwuliza yule bwana nne ni nini. Bwana yule, ambaye mikono yake ilikuwa ya upole kweli, alimpigapiga begani akaita mwingine. Hakuna aliyeambiwa maana ya namba yake. Kwa hiyo mkono nao waweza kuchota ujuzi ndani ya mtu na kuondoka nao kama mashine ifanyavyo. Jambo hili nimelibeba moyoni kwa miaka mingi, nalo ndilo lililonizuia kulijibu swali langu kwa kusema tu kuwa mkono ni mwema na mashine ni mbaya.

Nipitie kidogo Ulaya, kwa sababu ndiko mashine hizi zilikoanzia, na kwa sababu mwanzo wake si kama tunavyodhani. Leopold Auenbrugger alizaliwa mwaka 1722 katika mji wa Graz, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni. Husimuliwa kwamba aliwaona watu wakigonga mapipa ya baba yake ili kujua divai imefika kimo gani. Alipokuwa tabibu mjini Vienna aligonga vifua vya wagonjwa wake kwa ncha za vidole. Kifua chenye hewa kilitoa sauti ya ngoma. Kifua chenye maji kilitoa sauti ya paja. Alichapisha jambo hilo mwaka 1761, na walio wengi hawakulijali, mpaka Corvisart, tabibu wa Napoleon, alipokitafsiri kitabu chake kwa Kifaransa mwaka 1808. Sisi tungelielewa jambo hili mara moja: bwana yule alikuwa akibisha hodi. Aligonga nje, akasikiliza aliye ndani ataitika vipi.

Mwanafunzi wa Corvisart, Laennec, mwaka 1816 alipatwa na haya. Mgonjwa wake alikuwa msichana, na desturi ya kuweka sikio juu ya kifua haikumpendeza. Alikunja karatasi ikawa bomba, akaweka upande mmoja kwa mgonjwa na mwingine sikioni kwake, akausikia moyo vizuri kuliko alivyowahi kuusikia kwa sikio tupu. Huo ndio mwanzo wa kile chombo ambacho waganga huning'iniza shingoni hadi leo. Chombo cha kwanza cha kumtenga mganga na mwili wa mgonjwa kilizaliwa kwa heshima. Kisha, mwezi Novemba mwaka 1895, Röntgen alipogundua miali ipitayo ndani ya nyama, picha iliyoshangaza dunia ilikuwa ya mkono wa mkewe, mifupa yake, na pete kidoleni. Tangu siku ile jicho limekuwa likiurithi mkono mali yake kidogo kidogo. Ni haki likubaliwe. Kidole hakiwezi kulipata bandama mpaka limevimba vya kutosha. Mawimbi ya sauti huliona mapema. Uvimbe wa titi ambao mkono huugundua mara nyingi umekwisha kukaa muda mrefu. Mtu anayekataa kipimo bora kwa kupenda mikono ya kale anafanya biashara kwa roho za wengine.

Basi kilichompungukia mama yangu ni nini?

Jirani yetu alikuwa mkunga mstaafu, umri wake haukupungua sana na wa mama. Jioni moja, baada ya wiki kama sita za ubishi, alikuja kutujulia hali. Hakuleta chombo chochote. Walizungumza habari za mazishi na bei ya nazi. Kisha, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, alisema, "Hebu mwenzangu, nipe mguu." Mama akaupandisha mguu juu ya mkeka. Mkunga akaweka kidole gumba juu kidogo ya kifundo, mbele ya mfupa, akabonyeza, akangoja, akakiondoa. Pakabaki shimo. Ngozi haikurudi. Wote wawili waliinama wakalitazama lile shimo dogo, kama watu wanaotazama alama ya mnyama kwenye mchanga. Mkunga akasema, "Unaona? Hayo ni maji. Moyo umechoka kuyasukuma, nayo yameshukia huku. Vile vidonge vyako kimoja ni cha kuyatoa haya." Mama akaweka kidole chake mwenyewe mahali pengine, akabonyeza, akaona. Hakusema lolote. Usiku ule aliviomba vidonge vyake.

Nilikaa nikalifikiri jambo hili kwa muda mrefu. Mkunga hakugundua kitu kipya. Hospitali ilikuwa imekwisha kujua yote, tena kwa undani zaidi, kwa hesabu na picha. Wala haikuwa faraja tu, kwa maana aliyoyasema yalikuwa mazito, na mama hakufarijika, alitishika. Kilichotokea ni kwamba kwa mara ya kwanza ujuzi wa maradhi yake ulipatikana mahali alipokuwapo yeye. Damu ilichukuliwa ikapelekwa chumba kingine, na habari zake zikarudi kwa lugha ya watu wengine. Picha ilitazamwa kwenye kioo kilichogeuziwa mtaalamu. Lakini mguu hauwezi kubonyezwa pasipo mwenye mguu. Mkono ndicho kipimo ambacho mpimaji na mpimwa huwapo pamoja ndani yake, wakati mmoja, mahali pamoja, na kila mmoja akijua kuwa mwenziwe anajua. Tena kila agusaye huguswa. Jicho laweza kuona lisionwe, na sikio laweza kusikia kwa siri. Mkono hauna siri hiyo.

Naamini hapo ndipo lilipo deni. Mgonjwa ana haki ya kujulikana maradhi yake, na hilo mashine inalipa vizuri. Ana haki pia ya kushirikishwa katika kujulikana huko, awe shahidi wa mwili wake mwenyewe, na si shamba linalopimwa mwenyewe akiwa safarini. Yule bwana wa bandama alikuwa na nafasi ya kulipa deni hilo, mkono wake ukiwa tayari tumboni mwa mtoto aliyeuliza, naye akaiacha ipite. Yule daktari kijana hakuwa na nafasi, au hakupewa, kwa kuwa benchi zake zilijaa. Na lau mtaalamu wa mawimbi ya sauti angekigeuza kioo chake na kumwambia mama, "Tazama, mama, huu ndio moyo wako, unaona unavyochoka?", huenda mkunga wetu asingehitajika jioni ile. Wako wanaofanya hivyo siku hizi kwa mama wajawazito, nao husema kwamba uso wa mama hubadilika mara moja. Mashine nayo yaweza kufundishwa adabu za mkono.

Hapa mtu mwenye akili atanipinga, nami nataka apinge. Atasema: mkono ulioaminiwa hivyo ni mkono wa hatari. Mtu akiisha kukushika kwa upole unamwamini, na huenda hajui kitu. Ni kweli. Wako waunga mifupa ambao mikono yao ina maarifa ya vizazi, na wako waliofunga mabanzi kwa kukaza hata damu ikashindwa kupita, kidonda kikaoza, mkono wa mtoto ukakatwa hospitali. Kuna kuchua kunakolegeza misuli, na kuna kulichua na kulibinya tumbo la mjamzito mwenye uchungu, jambo ambalo limeua mama na mtoto. Upole wa kiganja si cheti. Mkono wapasa kufundishwa, na kupimwa kwa vipimo vingine, na kukubali kushindwa navyo.

Na mkono huchafua. Katika mji huohuo wa Vienna ambako Auenbrugger alibisha hodi, mwaka 1847 tabibu Semmelweis aliona jambo la kutisha. Hospitali ilikuwa na wodi mbili za wazazi: moja ya madaktari na wanafunzi wao, ya pili ya wakunga. Katika ile ya madaktari wanawake walikufa kwa homa ya uzazi mara kadhaa zaidi. Mwaka 1846 walikufa zaidi ya 11 katika kila 100, na kwa wakunga hawakufika 3. Rafiki yake Kolletschka alichomwa kidole kwa kisu katika kupasua maiti, akafa kwa maradhi yaliyofanana na ya wale wazazi. Hapo Semmelweis akaelewa: madaktari walitoka kupasua maiti, wakaja moja kwa moja kuwapima wenye uchungu. Mikono ilikuwa ikileta kifo kutoka meza moja hadi kitanda kingine. Aliamuru kila mtu anawe kwa maji yenye klorini, na vifo vikaanguka hadi 2 katika 100 na pungufu. Wenzake wengi walimchukia. Si rahisi kwa mtu mwema kuambiwa kuwa mkono wake umeua, hasa mkono ule ule anaojivunia. Alifariki mwaka 1865, kabla dunia haijamkubali.

Hoja hii haiuondoi mkono katika uganga. Inaonyesha tu kuwa kugusana ni jambo zito. Kama kila agusaye huguswa, basi maradhi hupita pande zote mbili. Mwezi Machi mwaka 2023 serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera. Kabla haujatangazwa kwisha mwezi Juni, watu sita walikuwa wamefariki, mmoja wao mhudumu wa afya. Wahudumu hujua hatari hiyo. Huvaa mavazi ya kujikinga, na ndani ya mavazi hayo huendelea kushika. Hata glovu yenyewe ina hadithi ya kupendeza. Katika majira ya baridi ya mwaka 1889 kuingia 1890, mjini Baltimore huko Marekani, daktari wa upasuaji Halsted aliagiza glovu nyembamba za mpira kwa ajili ya muuguzi wake, Caroline Hampton, ambaye mikono yake ilikuwa ikichubuliwa na dawa za kuoshea. Hakuwa akifikiria wagonjwa. Aliihurumia mikono ya muuguzi, na baadaye mwaka huohuo walifunga ndoa. Sasa mgonjwa na mganga wote hukingwa na huruma ile.

Niseme na habari ya ukoma, kwa kuwa ndiyo mizani ya jambo hili. Hapana ugonjwa ambao watu waliuogopa kuugusa kama huu. Waliougua walijengewa vijiji vyao peke yao, na sahani zao zikatengwa. Hata hivyo ukoma ni ugonjwa ambao mganga hawezi kuupima vizuri asipogusa. Sharti apapase mshipa wa fahamu nyuma ya kiwiko, na ule wa shingoni, na ule wa ubavuni mwa goti, alinganishe upande na upande, atambue ulionenepa kama ugwe. Sharti aguse ngozi kwa pamba, mgonjwa akiwa amefumba macho, amwulize, "Hapa unasikia?" Kwa maana miongoni mwa vitu vinavyoibwa na ukoma ni hisia ya kugusa yenyewe. Paul Brand, daktari wa upasuaji aliyefika Vellore, India, mwaka 1946, ndiye aliyesaidia kuonyesha kwamba vidole vya wagonjwa hawa havioizwi na ukoma wenyewe kama ilivyodhaniwa. Huharibika kwa majeraha na moto ambao mkono usiosikia maumivu hauukimbii. Tangu mwaka 1981, Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza dawa mseto, ukoma umekuwa ugonjwa wa kupona. Lakini kabla ya dawa hiyo, miaka na miaka, kulikuwa na watu walioingia vijiji vile kila asubuhi wakapapasa viwiko ambavyo hata ndugu walivikwepa. Katika historia ya nchi yetu majina ya wengi wao hayakuandikwa popote.

Limebaki jambo moja la desturi. Sisi hatuingii nyumba ya mtu bila hodi, hata mlango ukiwa wazi, hata mwenye nyumba akiwa maskini. Nasi husubiri kusikia karibu, na tusipoisikia mara ya tatu tunarudi tulikotoka. Mwili ni nyumba iliyo karibu zaidi kuliko nyumba. Lakini ni mara ngapi shuka la mgonjwa huvutwa pasipo neno, mbele ya wanafunzi kumi, kwa kuwa yeye ni mgonjwa na wao wana haraka? Mkono wa namna hiyo haushirikishi kitu. Unapora, ingawa umenawa na umesoma. Walimu wa vyuo vya uuguzi niliowahi kuzungumza nao husema kuwa kumfundisha kijana mahali pa kubonyeza huchukua siku chache. Kumfundisha kuomba kwanza huchukua mwaka.

Mama aliishi hadi mwaka 2017. Miaka yake ya mwisho alihudhuria kliniki ndogo karibu na nyumbani, na mara nyingi nilimsindikiza. Alikuwapo binti mmoja daktari, mgeni kazini, aliyekuwa na zamu ya siku ya Alhamisi. Benchi zake nazo zilikuwa na watu. Mara ya kwanza tulipoingia aliacha kalamu, akasimama, akasema, "Shikamoo, bibi." Mama akaitikia, "Marahaba." Binti akasoma cheti, akauliza maswali mawili matatu, kisha akavuta kigoda akaketi chini ya kimo cha mama.

"Bibi, naomba nikushike mguu."

Mama alinitazama mimi kwanza, akacheka kidogo, akalipandisha vazi lake mpaka juu ya kifundo.

"Karibu, mjukuu wangu," akasema. "Bonyeza hapo mbele, kwenye mfupa. Halafu ngoja."